Mali ya Baba na Haki ya Mtumishi

Mtu akinunua shamba lililokuwa likiharibika, akawaokoa vibarua wake, kisha akamweka mwanawe mahali pa heshima na kumwondoa mtumishi aliyelilinda siku za shida, je, amefanya vema au vibaya? Jambo la namna hii lilitokea katika mashindano ya motokaa.

Huko Uingereza palikuwa na kundi la mashindano lililoitwa Force India. Mwezi wa Julai mwaka 2018 madeni yalilizidi. Dereva wake mmoja, Sergio Pérez wa Mexico, aliyekuwa akilidai fedha, alikwenda mahakamani. Alisema hakutaka kuliangamiza, bali alitaka liwekwe chini ya wasimamizi lisije likavunjwa kabisa. Mwezi wa Agosti Lawrence Stroll, tajiri wa Kanada aliyepata mali katika biashara ya nguo, akalinunua pamoja na wenziwe, na watu 405 wakabaki na kazi zao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: tendo hilo lilikuwa jema.

Lakini tajiri huyo alikuwa na mwana, jina lake Lance, naye alikuwa dereva. Mwaka 2019 akapewa kiti katika kundi la baba yake. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 Pérez akaambiwa kwamba mwaka ujao hatakuwamo, ingawa mkataba wake ulikuwa haujafika mwisho. Mahali pake akawekwa Sebastian Vettel, Mjerumani aliyekuwa bingwa mara nne. Tarehe 6 Desemba mwaka ule ule, huko Bahrain, Pérez akashinda, naye akalipatia kundi ushindi wake wa kwanza tangu kununuliwa. Hesabu ya mwaka ilipofungwa, yeye alikuwa wa nne katika madereva wote, na mwana wa tajiri alikuwa wa kumi na moja. Aliyebaki ni mwana.

Wako wasemao, “Mali ni yake, afanye apendavyo.” Neno hili lina kweli ndani yake. Wala tusimsingizie kijana kwamba hajui kazi, maana mwaka huo huo, huko Uturuki, aliwapita wote katika kupimwa mwendo njiani penye maji. Tena baba asiyempenda mwanawe ni baba gani?

Hata hivyo yafaa tupambanue zawadi na haki. Zawadi hutoka katika upendo, na mtu humpa amtakaye. Haki hutoka katika kazi, nayo haiulizi ukoo. Mkataba waweza kukomeshwa kwa njia ya halali, sheria ikatosheka, na haki isitosheke.

Tusiwacheke matajiri wa mbali. Nasi tuna maduka, mashamba na mashua. Ni mara ngapi mpwa amepewa ufunguo, na mtumishi wa miaka kumi akaambiwa kwaheri? Wema wa jana haufuti deni la leo.