Mjumbe na Ujumbe Wake

Wahenga walituachia neno fupi: mjumbe hauawi. Neno hili huwakinga wanaopeleka maneno ya wenzao kwa wakubwa. Lakini aghalabu tunasahau kwamba anayestahili kinga hiyo ni yule aliyeufikisha ujumbe. Visiwani tunao wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, bara wanao wabunge. Majina mawili, amana moja.

Tazama ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama. Huko Bulyanhulu, mwaka 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa katika mashimo waliyoyachimba kwa mikono yao ili kupisha mgodi mkubwa. Mtu wa namna hiyo akimwandikia mbunge wake, au akimngoja mkutanoni, jawabu alipatalo mara nyingi hutoka mfukoni: ada ya mtoto, sanda, mabati ya shule. Siubezi ukarimu huo, kwani njaa haingoji kikao. Hata hivyo, aliyeuliza kwa nini ardhi yake imekwenda, akapewa fedha za madaftari, amejibiwa swali ambalo hakuliuliza. Na jawabu hilo lina nafuu kwa mjumbe mwenyewe: humpunguzia fedha, halimtii hatarini.

Hatari ilionekana mwaka 2007. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, ulitiwa saini London mwezi Februari na Waziri Nazir Karamagi. Mwezi Agosti Zitto Kabwe aliliomba Bunge liunde kamati teule ya kuuchunguza. Bunge liliikataa hoja, likamsimamisha mtoa hoja hadi Januari 2008. Mjumbe hakuuawa, ila alifungiwa mlango.

Naye, msomaji, alikuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini! Atakuwapo wa kuuliza: ya Kahama yanamhusu nini? Lakini ibara ya 63 ya Katiba haikuigawa kazi hiyo kwa majimbo. Bunge zima huisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Basi barua ya mtu wa Kahama ni ya wabunge wote, ijapokuwa bahasha ina jina la mmoja.

Novemba mwaka ule ule Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuitazama upya sekta ya madini, na Zitto akateuliwa humo. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2010, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Buzwagi ilikuwa imekwisha kuanza kutoa dhahabu tangu 2009.