Ombi Kati ya Swali na Jibu

Somo: Nehemia 1:1–11 na 2:1–8



Jumapili iliyopita, tukiwa kwenye chai baada ya ibada, dada mmoja alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, mimi siku hizi siombi. Natoka kazini nimechoka, nikipiga magoti nalala hapo hapo ubavuni mwa kitanda." Alisema kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Nilimwambia hata mimi nimeamka mara nyingi nikiwa na mikunjo ya shuka usoni. Tukacheka wote wawili, lakini maneno yake nimekaa nayo wiki nzima, maana najua si yake peke yake. Nyumbani tulikuwa na mkesha wa Ijumaa na maombi ya alfajiri. Hapa tuna zamu, tuna treni ya Blacktown, tuna watoto wa kupeleka shule. Halafu tunafungua 1 Wathesalonike 5:17, tunaambiwa tusiache kuomba, na tunajiona tumeshindwa hata kabla ya kuanza.

Basi rudini nyuma kidogo katika waraka huo huo, sura ya 2, mstari wa 9. Paulo anawakumbusha ndugu wale jinsi alivyokuwa akifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Agizo lile la kuomba siku zote limetoka kwa fundi wa mahema aliyejua zamu ya usiku ni nini. Chochote alichomaanisha, hakumaanisha tuache kazi.

Mtu anayenisaidia kulielewa jambo hili ni Nehemia. Tumezoea kumhubiri kama mjenzi wa ukuta, lakini kitabu kinapoanza yeye ni mhamiaji mwenye kazi. Yuko Shushani, nchi ya watu, ni mnyweshaji wa mfalme. Siku moja Hanani, mmoja wa ndugu zake, anafika na watu kutoka Yuda. Nehemia anafanya kile ambacho sisi sote tungefanya, anauliza habari za nyumbani. Habari ni mbaya: watu wako katika dhiki, ukuta umebomoka, malango yameteketea kwa moto. Anaketi na kulia.

Nani kati yetu hajui kuketi huko? Saa 8 usiku hapa Sydney, Nairobi na Dar es Salaam ni jioni, watu wametoka kazini, ndipo wanapoanza kutuma ujumbe. Simu inatetemeka mfukoni ukiwa kazini. Januari 2025, Goma ilipotekwa na M23, wako miongoni mwetu walioenda kazini kila siku huku hawajui ndugu zao wamelala wapi. Walitabasamu kwa wateja, wakafuta meza, wakaendesha magari.

Nehemia naye alikwenda kazini. Tangu mwezi wa Kisleu hadi Nisani, miezi kama minne, aliendelea kumpelekea mfalme divai akiwa na mzigo ule moyoni. Mwishowe uso ukamsaliti. Mfalme akamuuliza kwa nini ana huzuni ilhali si mgonjwa, na Nehemia akaogopa sana. Akajieleza. Mfalme akamuuliza anataka nini. Hapo, katika sura ya 2 mstari wa 4, mfalme akiwa amenyamaza anangoja, Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akajibu. Ombi lile lilichukua muda gani? Pumzi moja, labda mbili. Hakuomba ruhusa atoke nje kidogo, hakufumba macho.

Mimi najua jinsi ilivyo kukosa pumzi hiyo. Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilipata ujumbe kwamba mjomba wangu amelazwa na hali yake ni mbaya. Niliurudisha simu mfukoni nikaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa anabonyeza kengele. Akaniambia haelewi ninavyoongea, anataka nesi mwingine. Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu. Kati ya maneno yake na yangu hapakuwa na kitu chochote, si Mungu, si hata adabu niliyofundishwa na mama yangu. Kulipokucha nilirudi kumwomba radhi, nikamkuta amelala, na niliporudi zamu iliyofuata alikuwa amehamishiwa hospitali nyingine. Radhi ile sijaiomba mpaka leo, isipokuwa mbele za Mungu.

Tangu hapo nimejifunza kuombea kwenye kusafisha mikono. Wauguzi mnajua zile nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, baada ya kumgusa, na nyinginezo. Ukitumia dawa ya kusugua ni sekunde 20 hadi 30, ukitumia maji na sabuni ni 40 hadi 60. Muda huo unatosha kumtaja mgonjwa kwa jina mbele za Bwana na kumwambia, "Nitangulie." Kwa zamu moja ni mara nyingi mno. (Nisiwadanganye, kuna mara nyingi nasugua huku nawaza chakula.) Mgonjwa hajui, wala simlazimishi kusali nami, kazi haituruhusu na si adabu. Lakini moyo hauna msimamizi. Wewe unayeendesha teksi una taa nyekundu. Wewe unayefunga vyakula vya watoto vya shule una mikebe mitatu na majina matatu.

Ila tusijidanganye hapa. Ombi lile la pumzi moja lilikuwa na miezi minne nyuma yake, ya kufunga na kuungama, usiku na mchana. Someni sura ya 1 yote. Tukibaki na vipande vya taa nyekundu tu, navyo vitakauka. Kwa hiyo yule anayelala akipiga magoti, ninamshauri kama nesi: lala kwanza. Mwili uliotoka zamu ya saa kumi unahitaji usingizi, na Mungu ndiye aliyeuumba. Kisha tafuta saa moja katika wiki ambayo ni ya Bwana, iwe Jumanne mchana watoto wakiwa shule, uilinde kama unavyolinda miadi ya daktari.

Wala ombi halichukui nafasi ya kazi. Katika 4:9 Nehemia na wenzake waliomba na pia wakaweka walinzi. Namwombea mgonjwa na presha napima. Wako niliowaombea usiku kucha wakafariki alfajiri, nikawafumba macho kwa mikono ile ile. Sina maelezo. Niliendelea kuomba nikielekea kitanda kilichofuata.

Dada yangu wa kwenye chai, najua wiki hii uko zamu ya usiku, na mimi pia. Saa 8, nitakapokuwa nasugua mikono, nitakutaja. Nawe nitaje.