Yakini na Tendo Lisilorudiwa

Je, binadamu anaweza kuwa na yakini juu ya jambo ambalo halijapata kutokea? Swali hili ni la zamani katika falsafa na katika elimu ya dini, na ujenzi wa antena kubwa za wavu zinazokunjuliwa angani umelipa uzito mpya. Setilaiti ya mawasiliano inayokaa juu ya ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, huhitaji kiakisi kipana, yaani uso unaokusanya mawimbi hafifu ya simu na kuyaelekeza kwenye kipokezi. Kiakisi cha setilaiti ya kwanza ya Thuraya, iliyorushwa mwaka 2000, kina kipenyo cha zaidi ya mita 12, na kile cha SkyTerra 1, ya mwaka 2010, kinafikia mita 22. Kwa kuwa hakuna roketi yenye nafasi ya kubeba upana huo, wavu, ambao kwa kawaida hufumwa kwa nyuzi za molibdeni zilizopakwa dhahabu, hukunjwa kama mwavuli na kufunguliwa mahali ambapo hakuna fundi awezaye kufika.

Ugumu uko katika jaribio lenyewe. Duniani uzito huuvuta wavu na fito zake, hivyo wahandisi huvitundika kwa kamba ili kuiga hali ya angani. Kwa hiyo kinachothibitishwa ni mwenendo wa kiakisi kilichoshikiliwa, ilhali kinachotakiwa kujulikana ni mwenendo wa kiakisi kilicho huru. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Tahafut al-Falasifa kwamba moto na kuungua kwa pamba havifungamani kwa ulazima, bali hufuatana kwa ada aliyoiweka Mungu. Na David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alikana naye ulazima huo bila kuegemea hoja ya dini. Kwa mujibu wa wote wawili, kufunguka mara nyingi karakanani hakuilazimishi mara ile moja ya angani.

Chombo cha Galileo, kilichorushwa mwaka 1989 kuelekea sayari ya Mshtarii, kilidhihirisha jambo hili kwa uchungu. Mwezi Aprili 1991 antena yake kuu ya wavu, yenye upana wa mita 4.8, iliamriwa ifunguke, lakini baadhi ya mbavu zake zilinasa. Na wachunguzi waliona kwamba huenda kilainishi kikavu kilikuwa kimesuguliwa na kuisha katika safari za barabarani kabla ya kurushwa. Hata hivyo kazi haikuachwa: programu ziliandikwa upya ili kubana data, vipokezi vya duniani viliboreshwa, na kwa antena ndogo iliyokuwamo chomboni sehemu kubwa ya malengo ya kisayansi ilitimizwa baada ya kuwasili mwezi Desemba 1995.

Mwenye shaka atasema kwamba imani ya mhandisi ni ujinga uliovikwa heshima. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu ujinga haujui mipaka yake, ilhali imani hii hujua hasa ushahidi unakoishia na hujiandaa kwa yatakayotokea ng'ambo ya mpaka huo. Hapa ndipo mafundisho ya tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu, yanapoonyesha kina chake, kwani hayamwahidi mtu matokeo wala hayamwondolei juhudi. Anayetoa amri isiyoweza kurudishwa hadaiwi yakini, ambayo hakupewa kiumbe yeyote juu ya kesho. Anadaiwa uangalifu usiobakiza kitu, ukweli kuhusu asilolijua, na uthabiti wa kuendelea kutumikia lengo pale wavu unapokataa kufunguka.