Mvumilivu na Mbivu Zake: Subira, Dhiki na Afya ya Mwanafunzi

Jamii ya Waswahili imeipa subira cheo kikubwa miongoni mwa fadhila. Husemwa kwamba mvumilivu hula mbivu, kwamba subira ni ufunguo wa faraja, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana na misemo hii tangu madarasa ya chini: huandikishwa insha juu yake, huisikia katika hotuba za mahafali, na huikuta katika barua za wazazi wanaomhimiza akaze moyo. Hata hivyo, fadhila yoyote inayosifiwa bila mipaka yastahili kuhojiwa. Je, kustahimili ni wema daima? Na yule anayemwamuru mwenzake astahimili hubeba dhima gani iwapo mwili wa mvumilivu utashindwa?

Swali hili haliihusu nafsi pekee, kwa kuwa dhiki ya moyo haikai moyoni. Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal, alieleza jinsi mwili unavyoitikia dhiki za aina mbalimbali kwa namna inayofanana: kwanza hushtuka, kisha hukinza, na dhiki ikizidi kuendelea, huchoka. Ushahidi ulio karibu zaidi na darasa ulitolewa mwaka 1998 nchini Marekani. Wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walitiwa jeraha dogo katika kaakaa, mara moja wakati wa likizo ya kiangazi na mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani. Kwa wastani, jeraha la wakati wa mtihani lilichelewa kupona kwa asilimia 40, wala hapakuwa na hata mmoja aliyepona upesi kama alivyopona likizoni. Idadi hiyo ni ndogo, lakini funzo lake ni zito. Mwanafunzi anaweza kunyamaza, akacheka na wenzake na hata akafuzu, huku kidonda chake kikiyasema yale ambayo kinywa kiliyaficha.

Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walishikilia kwamba dhiki haizaliwi na tukio peke yake. Huzaliwa na jinsi mtu anavyoupima uzito wa tukio hilo na uwezo alio nao wa kulikabili. Walitofautisha pia njia mbili za kukabiliana na dhiki: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuzituliza hisia zinazotokana nalo. Kwa jumla, njia ya kwanza hufaa pale ambapo jambo laweza kubadilishwa; ya pili hufaa pale ambapo haliwezi. Kwa mizani hiyo, subira, kama inavyohubiriwa mara nyingi, ni ya njia ya pili. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi hana budi kusubiri, maana marehemu harudi. Aliyekosa mkopo wa masomo kwa kosa la karani hapaswi kusubiri. Anapaswa kudai haki yake. Kumpa huyu wa pili dawa ya yule wa kwanza ni kosa la kimaadili, hata kama mtoa dawa ana nia njema.

Methali zenyewe, zikisomwa kwa makini, zinaunga mkono tofauti hiyo. Mvumilivu anayekula mbivu ameketi karibu na mti uliochanua. Ana sababu ya kusubiri, kwa kuwa ameuona msimu, na wakati huo wote hupalilia na kuwafukuza ngedere. Methali haikumsifu mtu anayesubiri embe chini ya mbuyu. Isitoshe, lugha hiyohiyo iliyoisifu subira ilionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Onyo la kwanza humhusu anayeumwa, la pili humhusu mshauri wake. Ni rahisi mno kuhimiza uvumilivu kwa mtu ambaye mabega yake hayaugusi mzigo.

Historia ya vyuo vikuu vya Kenya inatoa mfano wa wazi. Mfumo wa 8-4-4 ulianzishwa mwaka 1985, na mwaka 1990 vyuo vya umma vikapokea kwa pamoja kundi la mwisho la kidato cha sita na kundi la kwanza la mfumo mpya. Wanafunzi wakasongamana katika vyumba na kumbi. Katika miaka hiyohiyo serikali ilipunguza ruzuku chini ya masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, mwanafunzi akaanza kuchangia gharama na kulipia kila sahani ya chakula. Wapo waliopika vyumbani, na wapo walioruka mlo. Msongamano na njaa ya aina hiyo havikuletwa na majaliwa. Vilitokana na maamuzi ya watu wenye majina na vyeo. Kumwambia mwanafunzi wa namna hiyo avumilie kulikuwa ni kuugeuza uamuzi wa kisera kuwa mtihani wa tabia yake.

Fasihi ya Kiswahili ililitambua jambo hili mapema. Katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi aliwasawiri vijana wasomi, Rosa na Kazimoto, ambao wote huishia kujiua. Rosa alilelewa kwa ukali wa baba uliomfundisha hofu badala ya busara. Kazimoto aliipata elimu ya chuo kikuu bila kupata maana ya kuishi. Msomaji anayewahukumu kuwa walikosa subira huiacha jamii iliyowalea ikienda zake bila kuulizwa swali. Sheria ya Kenya nayo iliwahi kuhukumu hivyo: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa miongo mingi, basi, aliyeelemewa alikuwa na sababu moja zaidi ya kuficha maradhi yake.

Huenda ikapingwa kwamba hakuna elimu isiyo na taabu, na kwamba kumwondolea kijana kila dhiki ni kumlea kiyai. Hoja hii ina ukweli. Usiku wa kukesha na kitabu kigumu, aibu ya kukosea mbele ya darasa na hofu ya mtihani ni sehemu ya kukomaa, na anayevikimbia vyote hataiva. Lakini taabu inayomkuza mtu ni ile inayotokana na kazi yenyewe ya kujifunza, yenye mwisho unaojulikana, na inayompa nafasi ya kusema "nimeelemewa" bila kudharauliwa. Njaa haimfundishi mtu sarufi.

Kwa hiyo subira inabaki kuwa fadhila, ila ni fadhila yenye masharti, na mengi ya masharti hayo humwangukia anayeihubiri. Kabla ya kumwambia mwanafunzi avumilie, mzazi, mhadhiri au mtawala hana budi kuuliza kama jambo hilo haliwezi kubadilishwa kwa mkono wake yeye mwenyewe. Likiwa laweza, naye asilibadilishe, basi anachokiita subira ya mwanafunzi ni uzembe wake mwenyewe, na anayeulipia ni mtoto wa mwenzake, kwa afya yake.