Mbwa Tuliyemnunua Kwenye Jam

Masomo: Luka 14:28–30, Mithali 12:10, 2 Samweli 12:1–7

Juma hili nimepewa ukurasa huu niandike juu ya uwakili, na najua wengi mnangoja habari za fungu la kumi na matumizi ya mshahara. Mniwie radhi. Nataka kuongea kuhusu mbwa.

Mzee mmoja wa kanisa aliposikia hivyo alicheka. "Pasta, watu hapa hawana karo, na wewe unataka kuhubiri mbwa?" Ni swali la haki na nitalijibu. Lakini kwanza niwaambie kilichonipata, kwa sababu siandiki kama mwalimu. Naandika kama mtu aliyekosea.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Desemba. Nilikuwa natoka mjini na binti yangu, wakati huo akiwa na miaka saba. Tulipanda Uhuru Highway polepole mpaka Westlands, na hapo Waiyaki Way ikakataa kusonga. Mnaijua hiyo jam. Juu yetu magari ya Expressway yanapita bila shida, sisi huku chini tumezima injini. Mahoka wakaja: wa njugu, wa chaja za simu, wa kofia. Kisha akaja kijana amebeba watoto wawili wa mbwa, mmoja kila mkono.

"Bosi, huyu ni German Shepherd safi. Elfu nane tu. Ona vile madam anampenda."

Madam alikuwa ameshafungua dirisha. Kale kambwa kalikuwa kanatetemeka, macho nusu yamefungwa. Tukapatana 3,500, nikatuma kwa M-Pesa, magari yakasonga. Yote hayo yalichukua kama dakika nne.

Nimesomea biashara chuo kikuu. Wakati wa kununua friji nilizunguka maduka wiki tatu nikilinganisha bei na garantii. Kiumbe chenye pumzi nilikinunua kwa dakika nne, kwa sababu mtoto alikuwa anatabasamu na mshahara ulikuwa umeingia.

Mke wangu alitazama kile kitu mikononi mwa mtoto, akanitazama mimi, hakusema neno. Binti yetu akasema jina lake ni Samweli, kwa sababu alikuwa amemwomba kwa Mungu kama Hana. Mama yake akakataa kabisa nabii wa Bwana kupewa jina pamoja na mbwa, wakakubaliana kwenye "Sami."

Siku ya tatu Sami alianza kuharisha na kutapika. Daktari wa mifugo akamfungua mdomo, akatazama meno, akaniambia huyu hajapita wiki tano. Mtoto wa mbwa anafaa kukaa na mama yake kama wiki nane. Matibabu yalikula zaidi ya mara mbili ya bei niliyomnunua. Lakini alipona, akakua. Na alipokua, masikio yakalala, miguu ikarefuka, na ile German Shepherd haikuonekana popote. Binti yangu hakujali.

Sisi tunaishi ghorofa ya tatu huko Uthiru. Asubuhi tunatoka wote, mbwa anabaki amefungwa kwa balkoni, anabweka mpaka jioni. Jirani alikuwa na mtoto mchanga. Keateka alikuja mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili na barua ya mwenye nyumba: mbwa aondoke au sisi tuondoke.

Ilikuwa Julai. Nikampata jamaa wa mjengo upande wa Kikuyu aliyetaka mbwa wa kulinda saruji na vyuma usiku. Nikampelekea Sami Jumatatu, binti akiwa shule. Sikuuliza atakula nini. Sikuuliza atalala wapi, wala mjengo ukiisha ataenda wapi. Nilisema asante, nikawasha gari. Na nikiwa mkweli, nilihisi nimetua mzigo.

Jioni nikamwambia mtoto, "Sami ameenda ushago kwa shosho. Huko kuna nafasi ya kukimbia."

Wazazi wengi hapa mnalijua hilo jibu. Mbwa wote wa Nairobi huenda ushago. Kuanzia usiku huo binti yangu aliombea Sami kabla ya kulala, kwamba Mungu amlinde huko kwa shosho na asisahau jina lake. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nimekaa ukingoni mwa kitanda, nilisema Amina. Kwa miezi tisa nilisema Amina juu ya uongo wangu mwenyewe.

Pasaka tukaenda Murang'a. Gari halijasimama vizuri, mtoto ameshuka. Akazunguka nyumba, akaenda boma la ng'ombe, akashuka mpaka kwa kahawa akiita. Kisha akarudi. "Shosho, Sami yuko wapi?"

Mama yangu hasemi uongo, hata wa kunisaidia. Alinitazama, akamtazama mjukuu wake, akauliza, "Sami ni nani?"

Nitawaacha hapo kwa muda, niulize swali la juma hili: nilikosea wapi hasa? Je, ni dhambi kumpa mtu mwingine mnyama uliyeshindwa kumtunza?

Mimi nasema hapana, na nataka hili lieleweke, maana kuna watu wanaobeba hatia isiyo yao. Mtu amepoteza kazi, amehama kutoka Lavington akaingia chumba kimoja Kawangware. Mwingine mtoto wake amepata pumu. Kumtafutia mnyama nyumba nzuri kuliko yako kunaweza kuwa tendo la upendo kabisa. Kung'ang'ania mbwa kwa balkoni ili tu usionekane umeshindwa ni kiburi, na anayekilipia ni yule mbwa.

Kwa hiyo kosa langu halikuwa kumtoa Sami. Nimelichunguza, naona ni makosa matatu, na kila moja lilizaa la pili.

La kwanza ni zile dakika nne. Bwana wetu anatufundisha katika Luka 14 kwamba mtu mwenye akili akitaka kujenga mnara hukaa chini kwanza na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Mimi sikukaa chini. Nilikuwa nimeketi kwenye gari, lakini hiyo si sawa. Hesabu yenyewe ni rahisi. Mbwa mkubwa, ukimlisha kwa shilingi 100 tu kwa siku, ni 36,500 kwa mwaka. Mbwa akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka kumi na miwili. Hiyo ni 438,000, kabla ya chanjo na daktari. Zile 3,500 nilizolipa barabarani hazifiki hata asilimia moja. Hoka aliniuzia asilimia moja, na mimi nikafikiri nimenunua mbwa.

Na pesa ndiyo rahisi. Muda ndio ghali. Nani atakuwa nyumbani saa nne asubuhi? Mkataba wa nyumba unasema nini? Maswali haya yana majibu hata leo, kabla hujafungua dirisha. Esau naye aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu njaa ilikuwa sasa na urithi ulikuwa baadaye. Macho yetu huona kilicho karibu. Ndiyo maana hekima huomba siku moja ya kungoja.

Mtu atasema, "Lakini Pasta, wewe ulimhurumia. Yule mbwa angekufa pale." Ni kweli, nilimhurumia. Lakini hebu fikirini kama wafanyabiashara. Yule kijana alikuwa na wawili. Nilipomnunua mmoja, nilimtuma akalete mwingine. Soko halijui kwamba nilinunua kwa huruma. Soko linajua tu kwamba kimenunuliwa. Huruma yangu ilimwokoa Sami kwa siku hiyo, na ikaagiza mtoto mwingine wa wiki tano atolewe kwa mama yake. Huruma isiyofikiri inaweza kulisha kile kile inachokililia.

Nilisema haya kwenye kikundi chetu cha Jumatano, na ndugu mmoja ambaye amewahi kuhoka barabarani akanyanyua mkono. "Pasta, unataka huyo kijana alale njaa?" Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo sasa. Yule kijana ana kodi ya nyumba kama mimi. Simlaani. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hiyo alikuwa pia na chaja za simu mfukoni, na mimi sikununua chaja. Sisi tulio ndani ya magari ndio tunaoamua ni bidhaa gani inalipa.

Kosa la pili ni jinsi nilivyomtoa. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Si lazima ampende kama mtoto. Ajali uhai wake. Kujali ni kuuliza. Maswali matatu tu kwa yule jamaa wa mjengo yangeonyesha kwamba hapo hapakuwa nyumba. Sikuuliza kwa sababu niliogopa majibu. Nilipompigia simu baada ya Pasaka, aliniambia mjengo uliisha mwezi wa tisa na wao wakahamia kazi nyingine. Mbwa? "Alibaki huko huko tu." Nilienda Jumamosi mbili kumtafuta. Niliona mbwa wengi. Sami sikumwona.

Hapa ndipo ninapomjibu mzee wangu aliyecheka. Mbwa aliyeachwa barabarani ni jambo la watu pia. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hawezi kupona. Kenya tunaujua ugonjwa huu tangu 1912, ulipothibitishwa kwa mbwa viungani mwa Nairobi, na serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo vyake kufikia 2030. Mbwa ninayemwacha bila mtu wa kumchanja kila mwaka anaweza kumuuma mtoto wa Kangemi anayetembea kwenda shule. Huyo mtoto ni jirani yangu, na jirani yangu Mungu ataniuliza habari zake. Hata sheria ya nchi, Sura 360, inakataza kuwatesa wanyama. Lakini mimi sitaki tungoje polisi watufundishe kile Mithali imetuambia kitambo.

Kosa la tatu ni ule uongo, na hili ndilo lililonivunja. Nilifikiri namkinga mtoto na uchungu. Kumbe nilijikinga mimi na macho yake. Kumbukeni Nathani alivyomwendea Daudi. Hakuanza na Uria wala Bathsheba. Alianza na kondoo mmoja mdogo wa maskini, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake kama binti. Daudi akawaka hasira juu ya mtu asiye na huruma, mpaka alipogundua ni yeye. Mungu alimpitia mfalme kupitia kwa mnyama mdogo. Mimi alinipitia kwenye uwanja wa mama yangu, mbele ya boma la ng'ombe.

Jioni hiyo nilikaa na binti yangu kwenye ngazi za jikoni, nikamwambia yote. Hakulia mara moja. Aliuliza, "Kwa hivyo Mungu alikuwa anasikia nikiomba vibaya?" Nikamwambia hapana, wewe uliomba vizuri, baba ndiye aliyesema vibaya, na Mungu alijua Sami yuko wapi hata kama mimi sikujua. Akauliza kama mimi pia ningeweza kupelekwa mahali siku moja na yeye akaambiwa niko ushago. Wapendwa, watoto hutazama tunavyowatendea wale ambao wamekuwa mzigo: mbwa, msichana wa kazi aliyeugua, shangazi mzee anayesahau sahau. Wanajifunza hapo nini kitawapata wao siku wakiwa mzigo.

Basi tufanye nini? Kama familia yako inataka mbwa, usinunue ukiwa kwenye jam. Nenda nyumbani, soma mkataba, piga hesabu, omba, ngoja mwezi mmoja. Bado unamtaka? Mtafute mahali unapoweza kumwona mama yake, au nenda KSPCA kule Karen. Chama hicho kimekuwako tangu 1910, na kinawatafutia nyumba mbwa walioachwa. Kama unaye na umeshindwa, usimfungue usiku Naivasha Road. Sema ukweli mapema, uliza watu, tembelea nyumba anakoenda, na baada ya mwezi piga simu. Na watoto waambie anakoenda, hata kama watalia.

Sisi hatuna mbwa kwa sasa. Binti yangu sasa ana miaka tisa na bado anamwombea Sami. Maneno amebadilisha: anasema, "popote alipo." Nami nasema Amina, na safari hii naisema kwa moyo wote.

Maswali ya vikundi vya nyumbani: Ni ahadi gani uliyoingia kwa dakika nne? Ni nani anayelipa gharama yake? Na kuna mtu yeyote ambaye unamwambia "ameenda ushago"?