Uamsho kwa Masharti Yetu

Katika makesha ya Kitale na Bungoma hakuna ombi linalorudiwa kama lile la uamsho. Ijumaa giza likishaingia, kuanzia Chwele na Kimilili hadi Kiminini na Endebess, jenereta hunguruma, kinanda hukolea, na mwenye kipaza sauti humsihi Mungu auwashe upya moto uliozimika. Ombi hilo ni jema na sina nia ya kulibeza. Ninachokitilia shaka ni kama sisi tunaoliomba tungelitambua jibu lake likija. Anayetamani uamsho kwa dhati anatamani, ajue asijue, kuhukumiwa yeye kwanza. Akishaweka masharti kuhusu nani atumiwe na mambo yaende vipi, kiu yake ni ya kitu kingine: aghalabu umati, au heshima ya dhehebu, au ile enzi ya ujana wake anayoikumbuka kuwa njema kuliko ilivyokuwa.

Ushahidi hauko mbali. Kanisa la Marafiki, ambalo leo lina waumini wengi Kenya kuliko nchi nyingine yoyote, lilianzia Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko likapanda hadi Lugulu na kuenea kwa Wabukusu. Mwaka 1927 mmishonari Arthur Chilson alihubiri Kaimosi juu ya Roho Mtakatifu na kuwahimiza watu waungame dhambi zao. Wakaungama kweli. Wakalia, wakatetemeka, wakanena kwa lugha, na jambo lenyewe likawatoka mikononi waliolianzisha. Wamishonari wengine na wazee wa kanisa wakaona ni fujo, wakalipiga marufuku. Waliokataa kunyamaza wakatengwa, na kutokana nao yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo hadi leo yanajulikana kote magharibi mwa Kenya. Kinaya chake ni kichungu, kwa kuwa Marafiki wa kwanza kule Uingereza, katika karne ya 17, walidhihakiwa kwa kutetemeka mbele za Mungu na wakatiwa jela kwa imani yao. Hata hivyo ni rahisi mno kuwacheka wale wazee. Walikuwa na shule za kulinda, hospitali ya kuendesha, na serikali ya kikoloni iliyotazama kila mkusanyiko kwa jicho la kijasusi. Hofu yao ilikuwa na akili. Ndiyo maana inatuhusu: waliokataa jibu hawakuwa maadui wa maombi, walikuwa waombaji.

Hapa mwanateolojia atanisimamisha. Kama uamsho ni zawadi, atauliza, kuna haja gani ya kuutamani, achilia mbali kuukeshea? Mzozo huu ni wa zamani. Jonathan Edwards, akiandika mwaka 1737 kuhusu mji wake wa Northampton, Marekani, aliuona uamsho kuwa kazi ya Mungu iliyomshangaza hata mchungaji. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1835, Charles Finney alifundisha kwamba uamsho hufuata matumizi sahihi ya njia, kama vile mavuno yanavyofuata kilimo. Mkulima wa Trans Nzoia atampenda Finney kwa mfano huo, kisha atakumbuka msimu aliotia mbolea kwa wakati, akapalilia, na mvua ikakatika mahindi yakitoa mbelewele. Naona wote wawili wana lao la kweli, ila si hapo penye hatari. Anayengoja anaweza kuweka masharti sawasawa na anayepanga mikutano. Kazi ya shauku ni kumweka mtu katika hali ya kupokea, na hali hiyo ina gharama. Edwards mwenyewe, mwaka 1746, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba machozi na mitetemo si thibitisho wala si kanusho. Ushahidi ni maisha yanayodumu.

Gharama hiyo ilionekana wazi katika ule uamsho ulioitikisa Afrika Mashariki yote. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa amechoshwa na kazi yake Gahini, Rwanda, walikaa pamoja na Biblia kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Moto uliotoka kwao ukapita Gahini na Uganda, na mwaka 1937 ukafika Kabete, Kenya. Alama yake haikuwa kelele peke yake. Watu walirudisha mali za wizi, wakalipa madeni yaliyosahauliwa, na baadhi ya wamishonari wakawaungamia Waafrika kiburi chao cha rangi. Linganisha na makesha yetu, ambako tunatubu dhambi za taifa, za wanasiasa na za vijana, kila dhambi isipokuwa ile yenye anwani. Sokoni Kitale, kwa mfano, mahindi hupimwa kwa mkebe uitwao gorogoro. Kuna gorogoro lililobonyezwa kitako, nalo ni la kuuzia. Kuna jingine lililotanuliwa, nalo hutoka dalali anaponunua kwa mkulima. Mwenye magorogoro hayo mawili huenda akawa ndiye mwenye sauti tamu kuliko wote kwenye kwaya. Uamsho ukija, mteja wake wa Jumatatu ataujua kabla ya mchungaji.

Mwingine atasema ninaifungulia mlango vurugu, na atanitajia Shakahola. Ni haki yake. Zaidi ya miili 400 iliyofukuliwa katika msitu ule wa Kilifi tangu mwaka 2023 inatosha kumfanya mtu yeyote aogope kiu ya kiroho isiyo na breki. Lakini tazama mamlaka yalikokuwa. Shakahola palikuwa na mhubiri asiyeulizwa swali. Katika uamsho wa ndugu wa Gahini na Kabete toba ilimfikia askofu na daktari kama ilivyomfikia mpishi. Kipimo ni hicho: je, anayeongoza naye hupiga magoti, na kuna mtu anayeweza kumrudi?

Pingamizi zito zaidi linatoka Bungoma yenyewe. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa wa Marafiki kabla ya kuanzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, akitaka walowezi waondoke na watu wairudie ibada ya wahenga. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, wakaua 11. Dai lake, nikiliweka kwa maneno yangu, ni kwamba sala isiyouliza ardhi iko kwa nani humbembeleza mnyang'anywa alale. Siwezi kulipangua lote. Ndugu wa uamsho walikuwa majasiri, maana wakati wa Mau Mau wengi walikataa kiapo na wengine wakauawa kwa hilo. Ila juu ya ardhi walisema machache. Na ardhi ndiyo iliyoendelea kutudai: mapigano ya 1991 na 1992 Trans Nzoia, kisha Chebyuk, Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, ambako mamia waliuawa katika eneo lililojaa makanisa. Kwa hiyo nakubali nusu ya shtaka la Masinde, na nusu hiyo naitia ndani ya hoja yangu. Toba yenye anwani, hapa kwetu, itafika kwenye mpaka wa shamba. Wa kwanza kusimama huenda akawa mzee wa kanisa mwenye hatimiliki ya ekari ambazo jirani alizikimbia usiku, na ushuhuda wake hautaishia kwenye haleluya. Utahitaji mpimaji, wakili, na familia mbili zilizo tayari kuketi meza moja. Kanisa linaloomba uamsho Endebess au Kapsokwony lingeanza kwa kuamua nani ataketi nao.