Haki ya Mzee wa Nyabange

Katika Makazi ya Wazee ya Nyabange, wilayani Butiama, mkoani Mara, serikali huwapa chakula na malazi wazee wasiojiweza. Na hisani hiyo, ijapokuwa kubwa, hainitoshelezi, kwa kuwa Taurati na Kurani, zilipoamuru wazazi waheshimiwe, hazikusema kwamba faradhi hiyo humalizika kwa sahani ya ugali. Mzee aliyeshiba lakini hana wa kumwita babu amedhulumiwa. Nasi tumejidhulumu pia, maana kijana asiyewahi kumsikiliza aliyekaribia mauti huishi akidhani umri wake hauna ukomo, na hili, naungama, ndilo linihuzunishalo zaidi.

Huko Deventer, Uholanzi, tangu mwaka 2012 wanafunzi hupewa vyumba bila kodi katika nyumba ya wazee iitwayo Humanitas, kwa sharti la kukaa nao saa 30 kila mwezi. Ni mapatano mema. Lakini sisi wa Mara, ambao wengi wetu tulilelewa mikononi mwa bibi zetu, tusingojee sharti la pango: walimu, mapadri na masheikh wawapeleke watoto Nyabange kila juma, wakachambue maharage pamoja na wazee, waulizwe ni wa ukoo gani, nao wajibu.